Foleni ya bidoni

Siku ilipotangazwa kwamba Ebola imekwisha, mimi nilikosa kazi.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 25 Juni 2020. Goma nzima ilishusha pumzi na mimi nikashusha pamoja nayo, maana tulikuwa tumenawa mikono kwa maji ya klorini mpaka ngozi ikapauka, na kupimwa joto la paji la uso kwenye kila kizuizi kama mikate inayotolewa tanuruni. Lakini jioni ileile nilijua kuna barua njiani. Nilikuwa mtu wa lojistiki katika kazi ya kupambana na Ebola, ambayo sisi wote wa Kivu tuliiita riposti. Ugonjwa ukiisha, riposti inaisha. Riposti ikiisha, Papa Logi anarudisha jile, kile kizibao cha kazi, beji na ufunguo wa gari, anatia sahihi mahali patatu, anarudi kwake Mabanga kwa pikipiki.

Papa Logi ndilo jina nililoitwa ofisini na, sitadanganya, nilikuwa nalipenda. Simu mbili mfukoni, zote zinalia. Dereva anauliza mafuta, ghala linauliza mapipa, mtu wa Beni anauliza lori limefika wapi. Nilijua kwa kichwa vipimo vya klorini: asilimia 0.05 kwa mikono, 0.5 kwa sakafu na vifaa. Nilijua na hesabu ya mwisho: wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Urefu wa Nyiragongo, mlima unaotuchungulia juu ya mabati yetu, nao ni mita 3,470. Haina maana yoyote. Mtu wa hesabu huokota vitu kama hivyo njiani akavitia mfukoni.

Miezi mitatu iliyofuata siwezi kuisimulia kwa urefu kwa sababu hakuna kilichotokea. Simu niliendelea kuzichaji zote mbili. Saa ya kuamka niliiacha palepale, saa kumi na dakika arobaini na tano. Nilioga, nikavaa shati la kola, nikapaka viatu rangi, nikakaa barazani nikiangalia barabara. Mke wangu anauza maharage katika soko la Virunga, na wakati ule alikuwa ndiye anayelisha nyumba. Alinipita hapo alfajiri na gunia lake, alinikuta hapo jioni. Siku moja alisimama mbele yangu, akashika kiuno.

"Papa Logi, uko unakaa mu nyumba sawa kabati. Mutu akitaka kupita, anakuzunguka."

Alicheka aliposema, na mimi nikacheka, lakini usiku sikulala.

Ushauri haukukosekana. Shemeji alisema nifuge kuku. Jirani alisema ninunue ng'ombe wawili Masisi. Mchungaji wetu alinipigia simu, makanisa yalipokuwa bado yamefungwa kwa ajili ya korona, akaniambia nitafute wito wangu. Nilichukua daftari nikachora jedwali. Safu ya kwanza: malengo ya maisha. Ya pili: shughuli. Ya tatu: bajeti. Ya nne: matokeo yanayotarajiwa. Nilijaza tatu za kwanza kwa dakika kumi, kazi niliyoifanya miaka mingi. Ya nne ilibaki nyeupe. Daftari hilo bado ninalo. Baadaye lilipata matumizi mengine, kama nitakavyoeleza.

Mwezi Septemba shefu wa avenue yetu alikuja, akaketi, akakubali chai, akazungumzia mvua zinazoanza. Ukiona kiongozi wa mtaa anazungumzia mvua kwa muda mrefu, jua kuna kitu anataka. Mwishowe akasema: robine ya avenue, yaani bomba la maji la mtaa, ina matatizo. Pesa hazilingani na bili. Watu wanasema mlinzi wa robine anakula. Mlinzi mwenyewe, mzee wa makamo aliyekuwa pale miaka saba, alikuwa amechoka kuitwa mwizi na ameondoka kwenda kuishi kwa binti yake Butembo. "Wewe ni mtu wa hesabu," akaniambia, "njoo utuangalizie tu makaratasi."

Hapa lazima nimweleze msomaji asiyeijua Goma. Mgeni akifika kwetu huona Ziwa Kivu limetanda mpaka upeo wa macho, halafu huona mtoto wa miaka minane anasukuma bidoni ya maji barabarani, asielewe. Sababu iko chini ya miguu yetu. Mji umekaa juu ya mawe ya volkeno. Mwaka 2002 mto wa moto ulishuka kutoka mlimani, ukapita katikati ya mji ukaingia ziwani, na juu ya mawe yale yaliyopoa ndipo tumejenga tena. Mvua ikinyesha, maji hayatiririki, yanazama kama yameitwa. Hakuna mto unaopita mjini, na kisima huwezi kukichimba kwa jembe. Kwa Kilingala mabanga ni mawe, na Kinshasa mtu anayehangaikia riziki husema anapiga libanga, yaani anavunja jiwe. Sisi wa mtaa wa Mabanga hatuhitaji kutafsiriwa. Basi maji yanapandishwa kwa pampu kutoka ziwani hadi kwenye matanki ya juu, halafu yanateremka yenyewe kwenye mabomba. Umeme ukikatika, pampu zinalala. Pampu zikilala, robine zinakohoa upepo, na watoto wanashika njia ya ziwani.

Ndiyo maana robine ya avenue si kitu kidogo. Yetu ilikuwa na midomo miwili juu ya kibao cha saruji, mita ya kuhesabia ndani ya kisanduku cha chuma, na mlango wa mabati wenye kufuli. Bidoni moja ya lita ishirini, ile ya njano ambayo watu wa pwani huiita dumu, ilikuwa faranga 50.

Makaratasi niliyasoma usiku mmoja. Hayakuniambia kitu. Nikaamua kufanya kama tulivyofanya ghalani mzigo ulipopungua: kukaa pale na kuhesabu kwa macho. Kesho yake saa kumi na moja na nusu nilifungua kufuli, nikasoma mita, nikakaa juu ya jiwe na daftari langu, ukurasa wa baada ya lile jedwali. Mpaka saa tatu nilikuwa nimehesabu bidoni 212. Hizo ni lita 4,240. Mita ilisema lita 5,000 kamili zimepita. Lita 760, bidoni 38, zilikuwa zimekwenda bila mtu kuzibeba, na mimi sikuondoa macho hata mara moja. Nilipofunga midomo yote miwili na watu wakaondoka, niliweka sikio kwenye saruji. Chini yake kulikuwa na sauti kama ya mtu anayenong'ona.

Bomba lilikuwa limepasuka kwenye maungio, chini ya kibao. Maji yalizama katika mawe bila hata kulowanisha udongo, kwa sababu udongo wenyewe haupo. Mahali pengine pangekuwa na tope, mtu angeona. Kwetu mawe yalikunywa na kunyamaza, na mzee wa watu akaitwa mwizi.

Nilimpigia simu Butembo. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi kwa niaba ya avenue, lakini nilipofika kwenye habari ya bomba alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza: "Na ile robine ya kushoto, bado inalia?"

Sikumwelewa. Siku iliyofuata nilielewa. Mdomo wa kushoto, ukiufungua nusu, unatoa sauti nyembamba kama ya mtoto wa mbuzi. Mzee alikuwa haulizii jina lake wala pesa. Alikuwa anaulizia robine. Nilishangaa, na nadhani niliona wivu pia. Mimi katika magari yote, maghala yote na mapipa yote niliyopitisha mikononi, sikujua kimoja ambacho ningekiulizia hivyo.

Fundi alibadilisha maungio, tukamlipa kwa mauzo ya siku tano. Lakini kesho yake lazima mtu afungue kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilisema nitafungua mpaka mlinzi mpya apatikane. Si kwamba nilisikia wito. Nilikuwa na ufunguo.

Siku yangu ya kwanza rasmi niliiharibu vizuri sana. Nilikuja na karatasi yenye jedwali: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, idadi ya bidoni, sahihi. Nilitaka utaratibu. Mama wa kwanza niliyemwambia aandike jina aliniangalia kuanzia kola ya shati mpaka viatu.

"Papa, uko unafanya nini na iyo karatasi? Hapa haiko distribisio ya msaada. Sisi tunatafuta mayi."

Foleni nzima ilicheka. Kijana mmoja akaanza kuniiga, akipita kati ya bidoni na kuziuliza: "Wewe unaitwa nani? Una watoto wangapi? Tia sahihi hapa." Nilikunja karatasi. Uso wangu ulikuwa wa moto. Lakini mama yule alipofika mbele alinipa faranga 50 na andazi moja lililofungwa kwenye karatasi ya daftari, bila neno. Nililila huku nikisimamia robine, na ukweli ni kwamba lilikuwa andazi la kwanza kwa miezi mitatu nililolisikia ladha.

Nilichokuwa sikijua, na ambacho karatasi yangu isingeweza kunionyesha, ni kwamba utaratibu ulikuwapo tayari. Watu hawapangi foleni. Bidoni ndizo zinazopanga. Mtu anakuja usiku au alfajiri, anaweka bidoni yake nyuma ya nyingine, anarudi kufagia au kuwasha makaa. Anayeogopa wizi anaweka jiwe, na jiwe linaheshimiwa kama mtu. Nilidhani mawe yote ya Goma ni sawa. Nikaja kujua kwamba Mama Bahati ana jiwe lenye matundu kama sifongo, na watoto wa fundi seremala wana la bapa walilolipaka chokaa. Bidoni nazo zina sura. Moja imekatwa shingo na kushonwa kwa kisu cha moto. Nyingine imefungwa kamba ya kitenge kilichochakaa. Nyingine ilibondeka ubavuni pikipiki ilipoipitia, ikawa haibebi lita ishirini tena, na mwenyewe anataka kulipa faranga 45. (Tulibishana wiki mbili. Alishinda.) Mbele ya zote, kila siku, ilikuwapo bidoni iliyopauka karibu kuwa nyeupe, kizibo chake ni gunzi la hindi. Hiyo ilikuwa ya Koko.

Koko aliishi mwisho wa avenue na wajukuu wawili. Hakuwahi kuniita Papa Logi. Siku ya tatu alinitazama akasema, "Papa Robine, fungua, jua linatucheka," na jina likashika palepale. Mke wangu alipolisikia sokoni alirudi nyumbani akiwa ameshika tumbo kwa kicheko. Beji yangu ya miaka yote ile ilikuwa na picha, nembo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Hili jina halikuwa na tarehe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningeweza kulisimulia mpaka chai ipoe. Shule zilikuwa bado zimefungwa kwa korona, kwa hiyo nusu ya foleni ilikuwa watoto. Watoto wasio na shule wana macho makali. Waliona kwamba ninaangalia kila bidoni mpaka ijae, nikiinama, mgongo unaniuma. Binti mmoja wa miaka kumi akaniambia: "Papa Robine, usiangalie. Sikiliza."

Nikasikiliza. Bidoni tupu ikipokea maji inatoa sauti nzito, ya chini, kama ngoma iliyolegea. Ikifika nusu sauti inapanda. Ikikaribia shingo inakimbia juu haraka, nyembamba, halafu inakatika. Nimefanya kazi na maji na mapipa sehemu kubwa ya maisha yangu ya utu uzima na sikuwahi kulisikia jambo hilo, kwa sababu pipa kwangu lilikuwa mstari katika jedwali. Tukaanza mchezo. Nageuka, naipa robine mgongo, watoto wananyamaza kabisa, na mimi nasubiri. Nikisema "Funga!" wanafunga, kisha wote wanakimbilia kuangalia. Ikiwa pungufu ya vidole viwili, wanazomea. Ikimwagika, wanazomea zaidi. Ikijaa mpaka shingoni bila tone kumwagika, wanapiga kelele hata mama wa nyumba ya tatu anatoka nje na mwiko.

Wiki ya kwanza nilikosea karibu zote. Kufikia Oktoba nilikuwa nakosa moja katika kumi. Bidoni iliyobondeka ubavu ndiyo ilinishinda, ina sauti ya uongo. Halafu shule zikafunguliwa, foleni ikapoa, lakini Jumamosi walirudi, na walileta watoto wa mitaa mingine wanione. Mzee wa miaka hamsini na minane, aliyewahi kusimamia malori, anasimama na mgongo kwenye robine huku ametega sikio. Bili ya maji nayo ilishuka, kwa sababu hakuna kilichokuwa kinamwagika. Nilipowaeleza komite ya robine sababu, waliandika kwenye ripoti "uboreshaji wa usimamizi". Sikuwasahihisha.

Ilinichukua muda kuelewa kilichonipata. Nilikuwa nimeamini kwamba nilichopoteza ni mshahara na heshima. Mshahara niliupoteza kweli, na sitajifanya malaika: malipo ya robine yalitosha uniti za simu na sukari, na maharage ya mke wangu ndiyo yaliendelea kutubeba. Heshima nayo, mtu anayekuita bosi kwa sababu ya gari, gari likiondoka naye anaondoka. Lakini pale barazani, katika ile miezi ya kabati, kilichokuwa kinanila ni kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja anayenisubiri. Ningeweza kuamka saa kumi au saa nne, dunia isingejua. Sasa kila alfajiri nilipokunja kona nilikuta bidoni arobaini zimekaa gizani, zimenyamaza, zinanisubiri mimi na ufunguo wangu. Nikichelewa dakika tano natukanwa. Sijui kama wale wanaofundisha habari za furaha wanayo sura inayohusu kutukanwa kwa kuchelewa. Mimi ningeanzia hapo.

Na kusubiri kuna pande mbili. Mwezi Februari kulipambazuka bila gunzi mbele ya foleni. Mahali pa kwanza palikuwa wazi. Hakuna aliyethubutu kusogea. Nilifungua, nikauza bidoni nne, tano, macho yangu yakiwa mwisho wa avenue. Mwishowe nilimwambia Aline, msichana aliyekuwa amemaliza chuo na anakaa bila kazi kama mimi zamani, akae badala yangu. Nilimkuta Koko amelala, homa kali, wajukuu wamekaa kando ya kitanda hawajui la kufanya. Ilikuwa malaria, tulimbeba kwa pikipiki, katikati ya dereva na mimi, hadi kwenye kituo cha afya. Siku nne baadaye alikuwa kwenye foleni. Alichoniambia ni hiki tu: "Nasikia siku ile uliacha robine kwa mutoto."

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mbingu ya kaskazini iligeuka nyekundu. Yote yaliyofuata yamesimuliwa na wengi kuliko mimi. Moto ulishuka ukasimama Buhene, ukingoni mwa mji, karibu na uwanja wa ndege. Waliokuwa Buhene walipoteza nyumba, na wengine watu wao. Ardhi iliendelea kutetemeka usiku na mchana. Mabomba yalikatika, na robine yetu ikakauka. Lakini niseme kitu nilichokiona kwa macho yangu: kila jioni, katikati ya matetemeko, watu waliendelea kuweka mawe yao kwenye foleni ya robine kavu. Niliwauliza kwa nini. Mama Bahati alijibu, "Mayi yakirudi usiku, nitakuwa wa ngapi?"

Alfajiri ya tarehe 27 serikali iliamuru mitaa kumi kati ya kumi na minane ya Goma iondoke, na Mabanga ilikuwa ndani ya kumi hizo. Tulikwenda kwa miguu upande wa Sake, mke wangu na godoro kichwani, kijana wetu wa mwisho na vitabu vyake vya egzeta, mtihani wa kumaliza sekondari, mimi na begi mbili. Barabara ilijaa watu, magari, mbuzi, na chukudu, zile pikipiki za mbao za kusukuma, zilizobeba vitanda na bibi juu ya vitanda. Tulipofika mbali ndipo nilipogundua kwamba kitu kinachonichoma pajani ni ufunguo wa robine. Nilikuwa nimeacha cheti cha ndoa na hati ya kiwanja mezani, nimechukua ufunguo wa kufuli. Mke wangu alinitazama, akatazama ufunguo, akaendelea kutembea.

Tulirudi mwezi Juni. Nyumba ilikuwa na ufa ukutani, lakini imesimama. Asubuhi nilikwenda kuona robine. Mawe yalikuwa bado yamepangwa. La Koko kwanza, lile la matundu la pili, la bapa lenye chokaa la tano, yote kwenye mstari kama watu waliosimama wakasahauliwa na mpiga picha. Mvua ilikuwa imeyaosha. Nilikaa juu ya jiwe langu, nikalia, na sitaki kueleza zaidi.

Maji yaliporudi siku kadhaa baadaye, yalitanguliwa na upepo, kisha matope ya rangi ya kahawa, kisha yakawa meupe. Watu walichukua mahali pao kwa kufuata mawe. Koko alikuwa bado Minova kwa ndugu zake. Nafasi yake tuliiruka, jiwe likabaki. Aliporudi kwa mtumbwi baada ya wiki mbili alilikagua na kusema mtu amelisogeza.

Ningependa kumalizia hapo, ila haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa 2022 simu ya pili, ile ambayo nilikuwa bado naichaji, ililia. Mkataba wa miezi mitatu Bunia, lojistiki. Kijana alikuwa anaanza chuo kikuu na maharage hayatoshi chuo kikuu. Nilikwenda. Nisingependa mtu asome hapa kwamba robine inashinda mshahara. Anayesema hivyo hajawahi kulipa ada. Nilifanya kazi vizuri, nililipwa vizuri, niliitwa tena Papa Logi, na kila alfajiri saa kumi na moja na nusu niliamka bila saa nikajiuliza nani amekuwa wa kwanza. Ufunguo nilimwachia Aline.

Niliporudi nilikuta foleni mbili. Moja ya wazee, wajawazito na wagonjwa, moja ya wengine. Kila bidoni ina namba ya chaki, inaandikwa inapofika, kwa hiyo hakuna tena ugomvi wa nani amesogeza jiwe la nani. Mita inasomwa asubuhi na jioni. Kibao kimesuguliwa. Hata yule wa faranga 45 alikuwa amenunuliwa bidoni mpya na komite. Aline alinieleza yote kwa adabu, akinisubiri niseme kitu, na mimi nilisimama pale na begi langu la Bunia nikisikia ile baridi ya barazani inarudi miguuni. Alikuwa anafanya kazi vizuri kuliko mimi. Nilijua kwa dakika moja, na nadhani aliona kwamba nimejua.

"Papa Robine," akasema, "mimi Jumatatu na Alhamisi niko na kazi ingine asubuhi. Utanisaidia?"

Sijawahi kumuuliza kazi hiyo ingine ni ipi. Jumatatu na Alhamisi ni zangu. Mengi yamepita juu ya mji huu tangu wakati ule, mengine mazito, na sitayagusa hapa. Robine iko.

Wiki iliyopita, Jumatano, maji yaliisha nyumbani. Nilichukua bidoni yangu nikaenda, nikapita kando ya foleni moja kwa moja mpaka mbele, kama mtu wa nyumbani. Aline hakuinua hata kichwa. Alichukua chaki, akainama, akaandika ubavuni: 31.

"Leo haiko siku yako, papa. Panga."

"Na ile foleni ya wazee?" nikamuuliza.

Koko, ambaye alikuwa amekaa juu ya bidoni yake huku gunzi liko mkononi, alicheka mpaka akakohoa. "Mzee gani?" akasema. "Wewe?"

Nikarudi nyuma, nikaweka bidoni mahali pake, nikakaa juu ya jiwe. Mbele yangu thelathini. Aline akafungua mdomo wa kushoto nusu, na ukaanza kulia.